Mimi ni Mpangaji, Nilipeni

Kuna swali ambalo likiulizwa kwenye gurupu la familia, ujue kuna mtu anatafutiwa kazi ya bure. Swali lenyewe ni fupi: "Si wewe uko tu?"

Halina ubaya kwa sikio. Huja na emoji ya mikono inayoomba, na mara nyingi huja baada ya "habari ya siku nyingi". Lakini tafsiri yake ni moja: saa zako hazina bei.

Mimi niliulizwa mwezi wa Mei mwaka jana. Aunti yangu anayeishi Texas alikuwa ameamua kwamba ukoo wetu wote ulioko Marekani, pamoja na Shosho, ambaye viza yake ilikuwa imetoka baada ya kunyimwa mara mbili, uende Walt Disney World kule Florida, siku sita za Agosti. Watu kumi na sita: watu wazima tisa, vijana wawili, watoto wanne, na mtoto mchanga wa miezi minane. Kazi ya ndege akachukua Anko wa Minnesota. Kazi ya vyumba akabaki nayo Aunti. Kazi ya chakula, yaani mikahawa, meza, saa, na nani anakula nini, nikapewa mimi niliyekuwa Kahawa West, na ambaye sikuwa hata kwenye orodha ya wasafiri.

"Wewe ni mtu wa kompyuta," Aunti aliandika. "Na si uko tu?"

Kwa familia yetu "uko tu" ni cheo. Nilipewa nilipoacha chuo mwaka wa pili, na sijawahi kuvuliwa. Haijalishi kwamba naandika makala za watu usiku kucha na kodi ya nyumba najilipia. Usipokuwa na ofisi yenye lango na askari wa kukuandikisha, wewe uko tu.

Basi niseme mapema ninachotaka kusema, usije ukadhani hii ni stori ya utalii. Kupangia watu wengi mahali pa kula ni kazi. Ina ujuzi wake, ina saa zake, na ina hasara yake ikiharibika. Anayeifanya anafaa kulipwa. Sisemi kushukuriwa, wala kuombewa. Nasema kulipwa.

Najua unachofikiria. Unafikiria ni kubonyeza simu mara mbili. Hata mimi nilifikiria hivyo. Huku Nairobi, chakula cha jioni ni uamuzi wa dakika mbili. Mbogi imeshikwa na njaa, mnaingia kibandaski, mnavuta benchi, anayekosa kiti anasimama na chapo madondo mkononi, na maisha yanaendelea. Hakuna mtu amewahi kupigia mama wa kibanda simu miezi miwili mapema kumwambia tutakuja wanane, mmoja wetu ana mzio wa karanga.

Disney World ni mambo mengine. Ilifunguliwa mwaka wa 1971 karibu na Orlando, na leo ina mbuga nne za burudani: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Ndani yake kuna mikahawa mingi sana, na ile ambayo watu wanaitaka hujaa kabla hata hawajapakia masanduku. Dirisha la kushika meza hufunguka siku 60 kabla. Zamani lilikuwa siku 180, ila baada ya Covid wakapunguza. Ukiwa umelipia chumba kwenye hoteli za Disney zenyewe, siku ya 60 kabla ya kufika unaruhusiwa kushika meza za safari yako nzima kwa mpigo, hadi siku 10. Wanakuambia hiyo ni heshima. Ni heshima kweli, lakini maana yake ni kwamba kila mlo wa siku sita, wa watu kumi na sita, unaamuliwa asubuhi moja. Dirisha linafunguka saa kumi na mbili asubuhi ya Florida. Kwetu hiyo ni saa saba mchana.

Hebu fikiria hilo jambo. Tarehe 10 Juni unatakiwa ujue mtoto wa miaka sita atataka kula nini tarehe 13 Agosti saa sita kasorobo mchana. Mimi sijui nitakula nini leo jioni.

Na haianzi na chakula. Inaanza na njia. Huwezi kula chakula cha mchana Animal Kingdom kama watoto wako EPCOT. Kwa hivyo kabla ya kushika meza yoyote lazima uwe umeamua ni siku gani mnaingia mbuga gani, saa ngapi mnatoka, na Shosho ambaye ana goti baya atatembea umbali gani kutoka langoni. Anayepanga meza ndiye anayepanga safari. Wengine wanaisafiri tu.

Halafu kuna hesabu ya vichwa. Meza za mkahawa zimetengenezewa watu wawili, wanne, sita. Kumi na sita si meza, ni harusi. Unavunja kikundi mara mbili, wanane na wanane, au mara nne, wanne wanne, kisha unawinda saa zinazokaribiana, na unaomba kwamba wakifika mlangoni watu wa zamu watakubali kuwakalisha jirani. Mtoto mchanga lazima ahesabiwe kwenye idadi hata kama hali kitu. Kwenye mabafe, wa chini ya miaka 3 hatozwi, wa miaka 3 hadi 9 analipa bei ya mtoto, na kuanzia 10 analipa kama mtu mzima. Binamu yangu mmoja alikuwa anatimiza miaka 10 mwezi wa Julai. Mama yake aliniuliza kwa hasira kwa nini nimemfanya mtoto wake mtu mzima, kana kwamba hiyo sheria niliitunga mimi nikiwa Kahawa West.

Nikatengeneza jedwali. Jina, umri, mzio, asichokula, saa anayolala. Mmoja karanga zinaweza kumpeleka hospitali. Mmoja maziwa yanamsumbua. Wawili hawagusi nguruwe. Shosho akipita saa moja ya jioni bila kula, hali tena. Na kuna wajomba wawili ambao hawajaongea vizuri tangu ile kesi ya shamba, kwa hivyo hawawezi kuwekwa kwenye meza moja ya watu wanane. Mzio unaweza kuuandika unaposhika meza. Ile fomu ina mahali pake. Lakini hakuna kisanduku cha kuweka tiki kinachosema: hawa wawili wana kesi ya shamba. Hicho kisanduku ni mimi.

Nikauliza kwenye gurupu: jameni, mnapenda kula nini? Mnataka wapi? Nikaweka orodha, nikaweka bei, nikaweka picha. Tiki za bluu kumi na moja. Majibu matatu, yote sawa: "Chochote ni sawa."

Naomba tulizungumzie hili neno. "Chochote" linasikika kama unyenyekevu. Si unyenyekevu. Ni neno la mtu aliyekubebesha uamuzi akaenda zake, lakini akabaki na haki ya kulalamika. Aliyesema chochote ni sawa ndiye huyo huyo siku ya safari atasema, "Kwani hakukuwa na mahali pa nyama?"

Jibu pekee lililokuwa na maana lilitoka kwa Anko, na lilikuwa swali. Aliona jina la mkahawa mmoja ulioko Animal Kingdom unaoitwa Tusker House, akauliza kama wanauza Tusker.

Na hapa kuna utani ambao Mkenya hawezi kuupita. Animal Kingdom ina kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, ambacho waliokijenga walikiiga kutoka Lamu, kuta zimefanywa kama zimekula chumvi ya bahari. Kuna hoteli ya kulala, Animal Kingdom Lodge, yenye twiga nje ya dirisha, na mikahawa yake inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Yaani nilikuwa nimekaa Nairobi, kwenye kitanda changu, nikipigania nafasi ya familia yangu kuingia mahali panapoitwa Jiko. Kwetu kupata jiko ni kuoa. Nakwambia, kuoa ni rahisi. Unahitaji tu wazee wawili na mbuzi.

Tarehe 10 Juni ikafika. Saa sita na nusu mchana stima ikapotea mtaa mzima. Nikakimbia saiba yenye jenereta, nikiwa na jedwali langu kwa simu. Saa saba kamili nikaingia. Ujanja, kama hujui, ni kuanza na siku za mwisho za safari, kwa sababu watu wasiolala kwenye hoteli za Disney bado hawajaruhusiwa kuzifikia tarehe hizo. Unaanza na mahali pagumu, unamaliza na parahisi. Unatafuta wanane, unakosa, unatafuta sita na wawili, unapata, unarudi kutafuta wengine wanane, zile sita zimeenda. Niliipata Boma, meza mbili zikiachana kwa dakika kumi na tano. Nikaipata Tusker House, kifungua kinywa. Jiko nilipata meza ya watu wanne tu, nikawapa wazazi wa yule mtoto mchanga, Shosho na Aunti. Ule mkahawa ulio ndani ya kasri ya Cinderella, ambao wanataka ulipe pesa yote mapema, niliukosa kabisa, na kuna binti wa miaka sita ambaye hajanisamehe hadi leo.

Hiyo ilikuwa saa tatu. Baadaye zikafuata wiki nane za kurudi kuangalia, kwa sababu watu hufuta meza zao tarehe zikikaribia, na ukiwa macho unaweza kuokota walichoacha. Mara mtu anabadilisha ndege. Mara mtu anasema hapana, EPCOT iwe Alhamisi. Kila mara Alhamisi ikihama, meza sita zinahama nayo. Nilikuwa naandika saa zangu kwa daftari, tabia niliyoipata kwa wateja wangu wa kuandika. Jumla zilikuwa saa 41. Hiyo ni wiki nzima ya mtu wa ofisini, pamoja na saa moja ya ovataimu.

Sasa mtu aniambie hiyo si kazi.

Soko linajua ni kazi. Mawakala wa safari wanaowapangia watu likizo za Disney hulipwa kamisheni. Kuna huduma za mtandaoni zinazotoza pesa kukutumia ujumbe tu kwamba meza fulani imefunguka. Kule New York mambo yalifika mahali ambapo watu walikuwa wanashika meza za mikahawa na kuziuza kwa walio na haraka, hadi Desemba 2024 gavana akatia sahihi sheria ya kuzuia meza zisiuzwe na watu wa kati bila ruhusa ya mkahawa. Serikali haitungi sheria kuzuia biashara ya kitu kisicho na thamani. Na si lazima uende mbali. Hapa Nairobi nina marafiki wanaolipwa kwa saa na wateja wa Marekani kufanya hii hii kazi: kushika meza, kupanga miadi, kuhamisha tarehe. Kazi ile ile, kutoka mji ule ule, kwa nchi ile ile. Tofauti ni kwamba mteja wao si aunti yao.

"Lakini ni familia," utaniambia.

Sawa, tuongee familia. Hii ndiyo hoja yenye uzito na sitaki kuikwepa. Watu husema tukianza kutozana kwa kila kitu, undugu utabaki wapi? Mimi pia sitaki kuishi kwenye ukoo ambapo mtu anakuandikia risiti kwa kukupokea steji. Lakini hebu tuangalie vile tunavyofanya tayari. Kukiwa na harusi au matanga, michango husomwa kwa sauti. Fulani, elfu kumi, makofi. Fulani, elfu tano, makofi. Jina na kiasi, mbele ya watu wote. Kwa hivyo si kweli kwamba undugu wetu hauna hesabu. Una hesabu, na ina mweka hazina. Ila inahesabu kitu kimoja tu. Aliyetoa pesa amechanga. Aliyetoa saa 41 alikuwa tu.

Kinachoua undugu ni hicho, wala si bei. Mwenye pesa akitoa anapigiwa makofi, mwenye muda akitoa anapewa maagizo. Kule Florida jina la kijiji chao wameliandika Harambe, e moja wameiacha nje. Na sisi kwenye harambee zetu kuna mtu huwa tunamwacha nje vivyo hivyo, na hakuna anayegundua hadi ajitokeze kulalamika.

Wacha nikuambie ya siku ya nne.

Nilikuwa nimewashikia meza mbili za watu wanane, saa kumi na moja na nusu jioni. Kanuni huko ni kwamba meza hushikwa kwa kadi ya benki, na kwenye mikahawa mingi ya Disney una hadi saa mbili kabla kuifuta. Ukipitisha hapo na usitokee, ni dola 10 kwa kila mtu. Hii nilikuwa nimeiandika kwenye gurupu mara tatu, mara ya mwisho kwa herufi kubwa. Siyo siri, na mkahawa haukukosea popote.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, watoto walitaka kuogelea, na watu wanane wakaamua watakula piza chumbani. Hilo silipingi. Likizo ni yao. Muda wa mwisho wa kufuta ulikuwa saa tisa na nusu mchana kwao, saa nne na nusu usiku kwangu. Nilikuwa macho, naandikia mtu makala kuhusu mashine za kukata nyasi. Ujumbe wa maneno mawili ungetosha: "Hatuendi, futa." Hakuna aliyeutuma. Walituma picha za kuogelea.

Asubuhi yangu nikaamka nikakuta dola 80 zimekatwa kwenye kadi ya Aunti, na ujumbe: "Kwani hungekanseli tu?"

Dola 80 ni kama elfu kumi za kwetu. Kodi yangu ni elfu saba na mia tano. Wale wanane hakuna aliyewauliza kitu. Anko akaandika kwa mzaha kwamba hiyo pesa itatolewa kwa zawadi yangu, watu wakaweka emoji za kucheka. Zawadi yenyewe ilipofika ilikuwa fulana ya Mickey Mouse ya saizi kubwa mno. Naivaa nikifua.

Meza ile nyingine ya wanane ilienda. Nilikuja kujua sababu baadaye. Walikuwa pia wamechoka, lakini Shosho alikataa. Aliwaambia mtu amehangaika kutafuta hiyo meza, kwa hivyo watu wavae viatu.

Kulikuwa na stori nyingine ya jioni hiyo. Bili ilipokuja, Anko alikuta asilimia 18 ya mhudumu imeshaongezwa. Disney hufanya hivyo kwa kikundi cha watu 6 au zaidi. Anko alikasirika, akasema hawezi kulazimishwa kutoa shukrani. Mimi nilipoisikia hiyo stori nilifurahi. Mtu fulani, ofisini, aliketi akakubali jambo la kweli: kwamba kuhudumia kikundi kikubwa ni kazi kubwa kuliko kuhudumia watu wawili, na kwamba ukiiacha kwa moyo wa mteja, mhudumu anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hivyo wakaiandika kwenye bili. Hawakungoja Anko abarikiwe na roho ya utoaji.

Basi hilo ndilo ninaloliomba. Tuwe na asilimia ya mpangaji.

Chukua bajeti ya chakula ya safari, ongeza asilimia 5, mpe aliyepanga. Tuseme watu kumi na sita kwa siku sita wametumia dola 4,000. Asilimia 5 ni dola 200. Gawanya kwa saa 41, haifiki hata dola 5 kwa saa. Hata hapo mngekuwa mmenipata kwa bei ya kutupa. Lakini ingekuwa bei, na kitu chenye bei watu hukiheshimu. Naamini kabisa kwamba kama mngekuwa mmenilipa, mmoja wenu angetuma yale maneno mawili.

Na pamoja na malipo, kanuni tatu ndogo. Swali likiulizwa, lina siku ya mwisho ya kujibiwa, na anayesema "chochote" amesalimisha haki yake ya kunung'unika. Anayeruka meza bila kusema analipa faini yake mwenyewe, si mwenye kadi na si mpangaji. Na mpangaji akishaamua, ameamua. Alhamisi haihami.

Ninayaandika haya kwa ukali, lakini kuna mahali yananigeukia, na nisipopasema nitakuwa mwongo.

Shosho aliporudi nilienda kumwona Nyeri. Akaniambia chakula kilikuwa kizuri, ingawa Wamarekani wanakula mapema sana au wamechelewa sana. Halafu akaniuliza, "Na wewe walikulipa ngapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nilijua."

Niliporudi Nairobi hilo neno lilinikaa. Kila Krismasi tangu nizaliwe tumekusanyika kwake watu zaidi ya thelathini. Kuna mtu hujua ni kilo ngapi za mchele, nani hali nyama, ni sufuria gani ziazimwe kanisani, nani na nani wasikae pamoja. Kuna mtu huhesabu sahani. Siku zote huyo mtu alikuwa Shosho, na nyuma yake Mum, na nyuma yake kina aunti. Kwenye kamati za harusi wanaume husoma bajeti na wanawake huhesabu sahani. Sisi tuliita hiyo "baraka za Shosho". Mimi mwenyewe, kwa miaka ishirini na kitu, mchango wangu kwa hiyo kazi ulikuwa kuingia jikoni na kuuliza kama chai iko.

Kwa hivyo siwezi kujifanya nimegundua dhuluma mpya. Niliifanya kazi ya wanawake wa familia yetu mara moja, kwa kompyuta, nikiwa nimekaa, na baada ya wiki nane nikaanza kupiga kelele. Wao wameifanya wakiwa wamesimama, maisha yao yote. Ikiwa asilimia ya mpangaji itaanza kulipwa, deni la kwanza si langu. Krismasi iliyopita nilimtumia Shosho pesa wiki mbili mapema, nikaandika kwenye ujumbe: ya kupanga, si ya mchele. Alinipigia kuuliza kama nimekosea namba.

Utani wa Kiswahili ni kwamba mpangaji ni anayepanga mambo, na pia ni anayelipa kodi ya nyumba. Mimi ni wote wawili. Na landilodi wangu, mwisho wa mwezi, hajawahi kukubali "Mungu akubariki".

Juzi gurupu limeamka tena. Safari hii wanakuja nyumbani Desemba, watu ishirini na wawili, na wanataka kwenda Diani. Nyumba za kulala wameshaona. Limebaki suala la chakula. Aunti ameandika vizuri sana, ameanza na habari ya siku nyingi, halafu: "Si wewe uko tu?"

Nimemjibu: "Niko, Aunti. Elfu ishirini, nusu mapema." Nikaweka namba yangu ya M-Pesa.

Tiki mbili za bluu. Hadi naandika haya hajajibu, na mimi sijafungua jedwali.